Kisu cha Mwindaji na Mvuvi



Ukurasa wetu wa mwezi huu twauweka kwa ajili ya chombo ambacho hapana nyumba isiyo nacho, lakini ni wachache wakinunuao kwa kufikiri. Chombo hicho ni kisu. Wala hatukusudii kisu cha jikoni, ambacho mama wa nyumba akijua kuliko sisi. Twakusudia kile achukuacho mtu anapotoka kwenda kuwinda au kuvua mbali na watu, mahali ambapo gari haifiki, na kila alichonacho amekibeba mgongoni mwake.

Huenda mmoja wenu akauliza, mambo hayo yatuhusu nini sisi tukaao mjini? Yatuhusu, kwani watoto wetu wametawanyika duniani. Wako walio Marekani na Kanada, wako walio Uingereza na Uswidi, na baadhi yao wamejifunza kwa majirani zao desturi ya kwenda milimani au misituni kwa miguu, wakalala huko siku tatu au nne, wakarudi na nyama au samaki. Hata huku kwetu, wako wapandao mpaka mito ya baridi ya Mlima Kenya na ya milima ya Aberdares kuvua trauti, samaki walioletwa huko na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Hao wote, akiwa mwindaji au mvuvi, wana swali moja: kisu gani kitanifaa, nami nataka mzigo wangu uwe mwepesi?

Wauzaji hulijibu swali hilo kwa gramu. Watakwambia kisu hiki kina gramu mia mbili, na hiki hamsini, basi chukua cha hamsini. Sisi hatuikatai hesabu hiyo, ila twaona kuwa si ya kwanza. Hesabu ya kwanza ni hii: saa ya haja itakapofika, je, kisu kitatoka mara moja, na kikitoka, kitakata? Na kwa Muislamu swali hilo halihusu raha ya safari peke yake, bali lahusu nyama ile ataila au hataila.

Wepesi una maana gani

Kupenda mzigo mwepesi si jambo jipya. Katika nchi ya Marekani alikuwako mtu aitwaye George Washington Sears, aliyezaliwa mwaka 1821 na kufa mwaka 1890, ambaye aliandika magazetini kwa jina la kubuni la Nessmuk. Alikuwa mtu mdogo wa umbo, na afya yake ilikuwa dhaifu, hata hakuweza kubeba mizigo waliyoibeba wenziwe. Mwaka 1883 alisafiri katika maziwa ya milima ya Adirondack kwa mtumbwi aliotengenezewa maalum, ambao uzito wake ulikuwa ratili kumi na nusu tu, yaani hata kilo tano haukufika. Mwaka uliofuata alitoa kitabu chake kiitwacho Woodcraft, na humo aliwanasihi watu waache vyombo vizito visivyo na kazi.

Juu ya visu, Sears aliona makosa ya watu wa wakati wake. Walipenda visu vinene na vizito, vilivyotisha kwa sura, lakini vilivyokata vibaya. Yeye alichukua kisu chembamba katika ala yake, na kisu kidogo cha kukunja mfukoni, na kishoka kidogo cha kupasulia kuni. Kila kimoja na kazi yake. Tazameni hekima iliyomo hapo. Yeye aliyehangaika kuliko watu wote kupunguza mzigo, hakupunguza idadi ya visu mpaka vikabaki kimoja. Alichokipunguza ni unene wa kila kimoja.

Na unene ndio asili ya uzito, na tena ndio adui wa kukata. Bapa jembamba hupenya nyama kwa nguvu kidogo. Bapa nene hupasua kama kabari, nawe hulazimika kusukuma, na mkono unaosukuma kwa nguvu ndio mkono uteleza­o na kujikata. Basi katika jambo hili wepesi na ubora vyaenda pamoja mpaka kiasi fulani. Kiasi hicho ndicho tutakachokieleza.

Sharti la mwindaji

Tuanze na mwindaji, maana jukumu lake ni zito zaidi. Juu ya mnyama aliyeuawa kwa risasi wanavyuoni wana maneno mengi na wamekhitilafiana, na hapa si mahali pake. Kila mtu na amuulize mwanachuoni wake kabla hajatoka. Lakini jambo moja liko wazi. Mwindaji akimfikia mnyama na bado yu hai uhai wa sawasawa, si mtapatapo wa mwisho, hapana budi amchinje, akate njia ya pumzi na njia ya chakula. Hapo ndipo kisu kinapokuwa si pambo la kiunoni.

Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, sawa na mwaka 1277, amelieleza jambo hili katika kitabu chake cha Minhaj, ambacho masheikh wa pwani yetu wamekisomesha kizazi baada ya kizazi. Maana ya maelezo yake ni kwamba mwindaji akimkuta mnyama yu hai, na kuchinja kukamshinda kwa uzembe wake mwenyewe, basi mnyama huyo akifa ni haramu. Na katika mifano aliyoitaja ya uzembe huo ni kuwa hakuchukua kisu, au kisu kimekwama ndani ya ala yake kikakataa kutoka. Wako katika wafafanuzi waliosema kwamba ala ikiwa ya kawaida na isiyobana, kisha kisu kikanasa kwa bahati mbaya tu, huyo husameheka. Lakini mwenye kuchagua ala mbaya amejichagulia mwenyewe.

Zingatieni, enyi vijana. Zaidi ya miaka mia saba imepita, na mwanachuoni wa Sham alikwisha kuifikiria ala ya kisu cha mwindaji. Leo mtu hutumia saa nzima kulinganisha gramu za bapa, na ala haitazami hata mara moja.

Kwa upande wa pili, sheria haikutaka kisu cha thamani. Katika hadithi ya Rafi bin Khadij, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, masahaba waliokuwa safarini bila ya visu walimuuliza Mtume (S.A.W.) kama waweza kuchinja kwa kitu kingine, naye akawaruhusu kila chenye kumwaga damu, maadamu jina la Mwenyezi Mungu limetajwa, isipokuwa jino na kucha. Basi hata jiwe lenye ukali hufaa. Na katika hadithi ya Shaddad bin Aws, iliyopokewa na Muslim, tumeamrishwa kufanya wema katika kila kitu, na katika wema huo mchinjaji anoe kisu chake na ampe raha mnyama wake. Tukiyaweka hayo mawili pamoja twaona kwamba jina la kiwanda na bei havikutakiwa. Kilichotakiwa ni makali, na utayari.

Kisu cha kukunja na kisu cha ala

Visu vyepesi vinavyouzwa leo ni vya namna mbili kubwa: kinachokunjwa, na kisichokunjwa ambacho hukaa katika ala.

Mfano mwema wa namna ya kwanza ni kisu cha Opinel, kitokacho Savoie katika milima ya Ufaransa, ambako Joseph Opinel alikianza mwaka 1890. Kisu hiki hufanywa kwa namba kulingana na ukubwa. Namba 8, ipendwayo kuliko nyingine, ina bapa la sentimita nane na nusu, na uzito wake ni kiasi cha gramu 45 tu, kwa sababu mpini ni wa mti na ndani yake hamna vyuma vingi. Tangu mwaka 1955 kimetiwa pete ya chuma shingoni; ukiizungusha, bapa hukazwa lisije likajikunja juu ya vidole. Bapa ni jembamba na hukata vizuri sana. Kwa mkate, matunda, samaki mdogo, na kamba, ni vigumu kupata kilicho bora kwa uzito huo.

Ila kina tabia moja. Mpini wa mti ukilowana huvimba, na bapa lililokunjwa ndani yake hubanwa likawa gumu kutoka. Watu wa Savoie wenyewe waijua hali hiyo, na dawa yao ni kugonga kitako cha mpini juu ya kitu kigumu mpaka bapa lichomoze kidogo. Kwa mtu aliyekaa chini akila chakula chake, hiyo si taabu. Lakini mfikirieni mwindaji ambaye mvua imemnyeshea kutwa, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, mnyama yuko mbele yake anapumua, naye yuagonga mpini wa kisu juu ya jiwe. Huyo amefika katika mfano ule ule wa kisu kilichokwama.

Kwa hiyo twasema: kisu cha kukunja, hata kiwe chepesi namna gani, kisiwe kisu cha pekee cha mwindaji. Kunja hutaka mikono miwili au vidole vyenye hisia. Tena damu na mafuta huingia katika kunjo lake, na kukisafisha porini pasipo maji mengi ni kazi.

Mfano wa namna ya pili ni visu vya Mora, mji mdogo katika jimbo la Dalarna huko Uswidi, ambako vimefuliwa viwandani tangu mwaka 1891. Kile kiitwacho Companion kina bapa la kiasi cha sentimita kumi, mpini wa plastiki wenye ngozi ya mpira isiyoteleza, na ala ya plastiki yenye tundu chini la kutolea maji. Kisu na ala yake pamoja havizidi gramu 120. Ala hukishika kisu kwa kukibana, na hutoka kwa kusukuma kwa dole gumba la mkono ule ule ulioshika mpini. Bei yake si ya kutisha; wavuvi, maseremala na watu wa mashambani wa Uswidi hukitumia kila siku. Hutolewa pia kwa mpini wa rangi ya machungwa, na mwenye akili atachagua rangi hiyo, kwa kuwa kisu cheusi kikianguka katika majani wakati wa magharibi hakionekani tena.

Kisu hicho nacho kina mpaka wake. Mkia wa bapa haufiki mwisho wa mpini, kwa hiyo hakikufanywa kupigwa kwa gogo ili kupasua kuni. Atakaye kupasua kuni na achukue kishoka, kama alivyofanya Sears.

Urefu wa bapa

Vijana wengi hudhani kisu kirefu ndicho cha mwindaji. La. Bapa la sentimita tisa mpaka kumi na moja latosha kumchinja swala au mnyama wa kadiri yake, likiwa kali na likivutwa shingoni kwa mvuto mrefu. Kumkata vipande pia hakuhitaji nguvu ya panga: mwenye ujuzi hutafuta kiungo, hupitisha ncha baina ya mifupa, na paja hutoka lenyewe. Mfupa ukikataa, ujue umekosea mahali, wala usikilaumu kisu.

Tena kisu kifupi kina faida wakati wa kupasua tumbo. Mtu huweka kidole cha shahada juu ya mgongo wa bapa, na kidole hicho kikamwambia ncha iko wapi. Bapa refu huingia mahali pasipoonekana, likatoboa utumbo, na uchafu ukamwagika juu ya nyama. Hiyo ni najisi iliyohitaji maji ya kuoshea, ilhali maji yako mbali. Hivyo sentimita tano za ziada zimeongeza uzito na zimeharibu chakula.

Siku hizi vimetoka pia visu vyenye bapa la kubadilishwa, jembamba kama la daktari mpasuaji. Likifa makali, hutupwa likawekwa jingine. Ni vyepesi mno, na kwa kuchuna ngozi vina sifa kubwa huko Marekani. Lakini bapa lake halivumilii kupindwa. Likipindwa katika kiungo huvunjika, na kipande chaweza kubaki ndani ya nyama itakayoliwa na watoto. Tena kulibadilisha kwa vidole vyenye mafuta ni hatari. Wenye busara hutumia koleo dogo, na mabapa machakavu huyarudisha nyumbani katika kikopo kilichofungwa. Basi mwenye kukipenda na akichukue cha kuchunia, kisiwe cha kuchinjia wala cha kukatia viungo.

Kisu cha mvuvi

Mvuvi amepewa nafuu. Samaki hachinjwi, na mavuo ya maji ni halali, kwa hiyo kisu cha mvuvi hakina haraka ile ya mwindaji. Hata hivyo haipendezi kumpasua samaki angali hai. Apigwe kwanza kichwani kwa kigongo, afe, kisha apaliwe magamba na kutolewa matumbo.

Kwa samaki wa mtoni wasiozidi urefu wa mkono, kisu kidogo cha kukunja kama tulichokitaja chatosha kabisa. Kwa samaki wakubwa, ambao mtu ataka kutoa minofu na kuacha mifupa nyuma ili mzigo upungue, hufaa kisu chenye bapa jembamba linalopindika, litembealo juu ya mbavu za samaki pasipo kuacha nyama. Wafini ni mabingwa wa visu hivyo. Kiwanda cha Marttiini, kilichoanzishwa na Janne Marttiini mwaka 1928 katika mji wa Rovaniemi, kilishirikiana na Rapala, watengenezaji wa chambo za kuvulia, wakatoa mwaka 1967 kisu cha namna hiyo chenye mpini wa mti, ambacho hadi leo chajulikana na wavuvi wa nchi nyingi. Lakini bapa hilo linalopindika halifai kwa mnyama. Kwenye kiungo litacheza na kumkata mwenyewe.

Juu ya chuma chenyewe, mvuvi wa baharini na achague kile kisichoshika kutu. Chuma hicho kilipata umaarufu kwa kazi ya Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, ambaye mwaka 1913 alichanganya chuma na kromi akakuta hakiliki upesi. Chuma cha kaboni, kisicho na kromi nyingi, hunoleka kwa wepesi na hupata makali mazuri, lakini damu, chumvi na ndimu hukitia madoa, na usiku mmoja wa umande watosha kukitia kutu. Anayekipenda na akifute kikavu kila baada ya kazi, kisha akipake mafuta ya nazi au mafuta mengine ya kula. Asipake mafuta ya mashine, kwani kisu hicho kitaingia katika chakula. Ala nayo isisahauliwe: kisu kisafi katika ala yenye damu iliyoganda si kisafi.

Mizani ya gramu

Sasa na tuirudie hesabu ya gramu, maana tuliahidi kuwa hatuikatai. Kiko kisu mashuhuri cha Marekani, Buck 110, kilichotoka mwaka 1964. Ni kisu madhubuti cha kukunja chenye shaba mpinini, na wawindaji wengi wamekiamini maisha yao. Uzito wake ni kiasi cha gramu 200. Mwenye kuchukua Mora na ala yake, na Opinel namba 8, amebeba kiasi cha gramu 160. Akiongeza kinoo kidogo cha gramu 40, amefika palepale gramu 200. Kwa uzito wa kisu kimoja amepata kisu cha kuchinjia kinachotoka upesi, kisu cha chakula na samaki, na jiwe la kuvinolea vyote viwili. Kimoja kikipotea mtoni, hakubaki mikono mitupu.

Hiyo ndiyo faida ya kweli ya wepesi. Mtu hapunguzi uzito ili apungukiwe na vyombo; hupunguza ili apate nafasi ya kile kitakachomfaa. Na yule atakaye kuacha hata kinoo ili aokoe gramu 40, na akumbuke kwamba lita moja ya maji ni kilo nzima. Alichokiokoa ni chini ya mafunda mawili ya maji, na atakachokipoteza ni makali ya kisu siku ya pili ya safari.

Kunoa na kukaa na kisu

Kisu kinolewe nyumbani kabla ya kutoka. Kijaribiwe juu ya ukingo wa karatasi: kikipita pasipo kukwaruza, kimekuwa. Porini kipitishwe juu ya kinoo kila jioni, mara chache tu upande huu na upande huu, kabla hakijawa butu. Kisu kilichokwisha kuwa butu huchukua saa, na kisichofika huko huchukua dakika. Wala kisinolewe mbele ya macho ya mnyama, kwani Mtume (S.A.W.) alimkemea aliyefanya hivyo. Hili nalo ni hoja ya kunoa mapema.

Ala ijaribiwe pia. Mfunge kijana wako kisu chake kiunoni, mmwagie maji, mvike glavu au mwache vidole vyake katika maji ya baridi kidogo, kisha mwambie akitoe kwa mkono mmoja. Akiweza mara kumi pasipo kukosa, kisu hicho ni cha kusafiri nacho. Kisha kipinduliwe chini juu na kitikiswe. Kikianguka chenyewe, ala hiyo ni hatari kama ile inayokibana.

Katika kupeana, kisu kipokezwe kwa mpini, au kirudishwe alani kwanza. Mtume (S.A.W.) alikataza kupokezana upanga uliofutwa, na adabu ya kisu ni hiyo hiyo. Mwenye kukata na akate kuelekea nje ya mwili wake, wala asikate na mwenziwe amesimama mbele yake. Jeraha la kidole ambalo mjini ni safari fupi ya hospitali, milimani ni mwendo wa siku mbili.

Sheria za nchi nazo zafaa zijulikane. Kenya imekataza uwindaji wa mchezo tangu mwaka 1977, na Tanzania hapawindwi ila kwa leseni. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1988, mtu hachukui kisu hadharani bila ya sababu njema, isipokuwa kisu cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi tatu na ambacho hakikazwi kikifunguliwa. Kwa hiyo Opinel namba 8, kwa ile pete yake, haimo katika ruhusa hiyo. Na ibaki ndani ya shanta mpaka mahali pa kuvulia. Katika ndege, kisu huwekwa katika mzigo wa chini, wala si mkononi.

Neno la mwisho kwa wazazi

Ikiwa mwanao ataka umnunulie kisu cha safari, usimkatalie kwa hofu, wala usimpe kwa kutupa fedha mezani. Nenda naye. Mwache akishike kila kimoja kwa macho yaliyofumbwa, aone kama mpini wamjaa mkononi. Muulize, utakata nini nacho? Akikujibu kwa jina la kiwanda, bado hajawa tayari. Akikujibu kwa kazi, mnunulie kile chembamba kinachotosha kazi hiyo, na pamoja nacho mnunulie kinoo, kisha mfundishe kunoa wewe mwenyewe au mpeleke kwa mchinjaji wa mtaani akamfundishe. Huyo kijana atakapokuwa peke yake mlimani, na kiumbe cha Mwenyezi Mungu kiko mbele yake chataka kupewa raha, hatakuwa na mtu wa kumuuliza. Atakuwa na mkono wake, na kisu mlichokichagua pamoja.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wa nchi kavu na wa majini, na awarudishe salama kwa watu wao. Amin.

Wabillahi tawfiq.